Gari-Nyumba la Fundi Sufuria

Naapa kwa macho yangu mawili, la kulia lenye mtoto wa jicho na la kushoto linalofanya kazi ya yote mawili: kila neno mtakalosoma hapa ni kweli tupu, pamoja na habari ya mbuzi. Nikikutwa nimeongeza chumvi, nipewe sufuria nyeusi kuliko zote niisugue mpaka nione sura yangu humo.

Saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye uwanja wa mpira uliozungushiwa ukuta, mwanamke mmoja amesimama juu ya kiti cha plastiki, anasugua pua ya gari kwa kitambaa na majivu. Pua yenyewe ni ya mviringo, na inang'aa kiasi kwamba mbuzi aliyekuwa akila nyasi golini amekuja, amejitazama, amegeuza shingo huku na huku, kisha ameondoka kwa maringo.

Watu humwita Fundi Sufuria. Ana miaka hamsini na minane, mikono kama ya mbeba mizigo, na sauti ya kumwita mteja aliye mtaa wa pili. Tangu akiwa msichana anagonga sufuria za alumini kibandani kwake. Leo hajaleta sufuria. Ameleta nyumba nzima: vitanda viwili, jiko la gesi, kabati la vyombo, dirisha lenye pazia la maua, na magurudumu sita chini yake. Chini ni lori kuukuu. Juu ni mabega ya mviringo na taa mbili zilizotokeza kama macho ya chura, mtindo wa magari ambayo babu zetu waliyakimbia barabarani.

"Usiniulize mchoro nimeuona wapi," ananiambia bila kugeuka. "Nimeuona kichwani. Kichwani mwangu hakuna foleni."

Nyuma ya usukani amekaa mumewe, dereva wa malori mstaafu, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Kwa miaka thelathini Dereva alizunguka nchi za watu na kurudi na hadithi: maziwa, milima, miji inayowaka taa mpaka kunakucha. Mkewe alizisikiliza akiwa na nyundo mkononi. Safari yake ndefu kuliko zote ni ya kwenda kununua mabati ya alumini na kurudi.

"Kila mwaka ananiambia, mke wangu, nikistaafu nitakupeleka," anasema. "Haya, kastaafu. Siku ya kwanza kalala. Ya pili kalala. Ya tatu nikaanza kujenga."

Kazi ilichukua miaka miwili na nusu. Ilipokwisha, Dereva alilizunguka gari, akakataa.

"Mimi nina heshima yangu barabarani," anajitetea kupitia dirisha. "Niendeshe sufuria? Wenzangu watanicheka mpaka kaburini."

Ndipo wakawekeana sharti. Leo wapenzi wa magari ya zamani wanakutana uwanjani hapa, na kesho wanaondoka kwa msafara mpaka ziwani. Wakilipokea gari-nyumba msafarani, Dereva ataliendesha bila kunung'unika. Wakilicheka, linarudi nyumbani kuwa banda la kuku.

"Kuku wenyewe nimeshawachagua," ananinong'oneza Dereva.

Kufikia saa tatu uwanja ulikuwa umejaa. Fundi wa injini mwenye ndevu nyeupe alijilaza chini ya gari na shati lake la sherehe, akitaja vyuma kimoja kimoja kama anayesalimia ndugu waliopoteana. Jamaa mmoja mnene alikumbatia taa ya kushoto na kugoma kuiachia. Mama mwenye pikipiki za kale aliingia ndani kuchungulia, akajaribu kitanda, ikabidi aamshwe.

Sasa, kwenye umati kama ule mtu huulizwa maswali. Mimi niliulizwa, "Mzee, hili ni la mwaka gani?" Jibu fupi lilikuwepo, lakini mstaafu kama mimi ana muda mwingi kuliko majibu mafupi. Nikasema lilikuwa la mwenye sarakasi, yalitengenezwa matatu tu duniani, na moja lilizama mtoni na simba wake ndani. Nikaapa, nikaweka na adhabu: nikisema uongo, nisugue sufuria zote za chakula cha mchana.

Wapenzi wa magari wana ugonjwa mmoja. Hakuna anayekubali kwamba kuna gari hajaliona.

"La pili nililiona mimi nikiwa mdogo," alisema jamaa mnene. "Lilikuwa jekundu."

"Kijani," alimsahihisha mwenye ndevu kutoka chini ya gari.

Habari ikamfikia mwenyekiti wao, kinyozi, akaja mbio na sumaku yake shingoni. Kila gari linalodaiwa kuwa la kale hupimwa kwa sumaku hiyo. Ikinata, ni chuma cha asili. Ikianguka, kuna puti, ule udongo laini wa fundi mbabaishaji wa kuzibia mashimo.

Aliiweka kwenye pua ya gari. Ikaanguka. Mlangoni ikaanguka. Begani ikaanguka.

"Puti!" alipiga kelele. "Gari zima ni puti!"

Kicheko kikaanza nyuma kikasambaa uwanja mzima. Dereva akashika ufunguo. "Mke wangu, twende nyumbani," alisema taratibu, na safari hii hakutaja kuku.

Fundi Sufuria hakusogea. "Nani kawaambia hili ni la sarakasi?"

Umati wote ukaninyooshea kidole.

"Wewe mzee, nitakuja kwako," aliniambia. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Baba, sumaku inashika alumini?"

"Haishiki."

"Basi. Hili halina mwaka. Nimelizaa mimi, kwa bati lile lile la sufuria iliyopika chai yako asubuhi."

Mwenye ndevu akatambaa akatoka. "Pua hii? Kwa mkono? Mviringo huu unataka mashine, dada."

Fundi Sufuria akachukua nyundo ya chuma, akaitandika pua ya gari lake mwenyewe. Pwaa! Pakabonyea kama sahani. Watu wakapiga ukelele, jamaa mnene akakaa chini. Dereva akatoka garini mbio.

"Umefanya nini wewe!" Aliweka kiganja kwenye bonyeo kama mzazi anayepima homa ya mtoto.

"Chukua mfuko wa mchanga chini ya kiti, kaza hapo nje," alisema mkewe, akaingia chini ya boneti na nyundo ya mbao. Ko, ko, ko. "Kushoto kidogo, baba watoto."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Usilale."

Mfuko ulipoondolewa, pua ilikuwa laini kama yai. Mwenyekiti akafumba macho, akapitisha vidole pole pole, kama anavyopapasa kidevu alichomaliza kukinyoa.

"Natafuta kovu," alisema. "Silioni." Akakuna kichwa. "Tatizo ni kwamba tuna kundi la magari ya asili na kundi la yaliyokarabatiwa. Hili haliingii kokote."

Dereva akaishusha kofia tena hadi kwenye nyusi.

"Kwa hiyo litatangulia mbele ya yote."

Uwanja ukalipuka. Honi za kila umri zililia kwa pamoja, na watu watatu walimwomba Fundi Sufuria awagongee pua kama ile. Dereva alipanda juu ya bampa, kofia mkononi, akiwaambia waliomsikiliza na wasiomsikiliza: "Mimi ndiye niliyeshika mfuko!"

"Pua zao nitagonga nikirudi," anasema mkewe. "Ziwa nimelisikia miaka thelathini. Nataka nikalione kama ni kubwa hivyo anavyosema. Kama alinidanganya, atarudi kwa miguu."

Jioni hii ninaandika kwa kidole kimoja safi, nyuma ya jiko la mkutano, mbele ya sufuria tatu zenye masizi. Fundi Sufuria amenitaka nimsomee habari yote kwa sauti huku nikisugua. Ameitikia kwa kichwa tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akauliza:

"Mbuzi yupi?"

"Yule wa golini."

"Kuna ukuta, kuna geti, na geti lina mlinzi. Mbuzi kaingiaje?"

Nimemtazama Dereva anitetee. Amewasha injini, eti anaipasha moto kwa ajili ya kesho.

Fundi Sufuria amenisogezea sufuria ya nne.