Mama Taratibu na Saa za Kiwanda cha Barafu

Mara ya kwanza nilipomkatia bei, Mama Taratibu, fundi wa umeme, alianza kurudisha bisibisi mkobani moja moja, wala hakununa.

"Nusu ya bei naiweza, tajiri," alisema. "Una visanduku viwili, nitakurekebishia saa ya kimoja. Hicho kingine endelea kukipigia ramli."

Mimi nilianza kwa kuuza maji ya baridi barabarani, na bei yoyote ikitajwa mbele yangu naiona ina mafuta ya kupunguza. Lakini siku hiyo nilikuwa nimebanwa. Umeme wa kiwanda changu cha barafu ulikuwa ukikatika hovyo, na kila ukikatika unazima mtaa mzima. Shirika la umeme lilisema ubovu ni wa mitambo yangu, mimi nikasema ni wa nyaya zao. Wakaniambia likitokea tena na ikabainika ni mimi, wananikata. Na kiwanda cha barafu bila umeme ni dimbwi.

Visanduku vyenyewe ni rilei. Kazi yake ni kunusa umeme unaokwenda kombo, kufungua swichi kabla mota haijaungua, kisha kuweka kumbukumbu ya saa ya tukio. Ninayo moja kwenye swichi kuu na nyingine kwenye kompresa kubwa, mashine ya kugandishia. Saa ya swichi ilichelewa kama mgeni asiyetaka kufika, na ya kompresa ilikuwa bado inaishi mwaka ambao kiwanja changu kilikuwa kichaka. Kwa mashahidi wa namna hiyo, nani angeniamini? Nikakubali bei nzima.

Mama Taratibu ni mtu wa makamo, mnene, na hufanya kazi akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Huisemesha mitambo kama anayemvua mtoto shati: "Haya baba, nyanyua mkono." Binti zake humpigia simu kutwa, naye hujibu bisibisi ikiwa mkononi. "Chumvi imo kwenye kopo la sukari. Sukari? Hiyo hata mimi naitafuta."

Alifunga antena ndogo juu ya paa, ya kupokea saa kutoka kwenye setilaiti, akavuta waya mpaka kwenye rilei zote mbili. Kisha akaona neno la siri, lilelile lililotoka na rilei dukani, limeandikwa kwa kalamu nene kwenye mlango wa kabati la swichi. Mwandishi alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, msimamizi wa mitambo.

"Mama fundi, ukilifuta hilo mimi nitafanyaje?" shemeji aliuliza.

"Utafanya kazi, mwanangu. Wewe nitakupa neno la kusoma. La kubadilisha saa na mengine ni la tajiri."

Mchezo huo naujua. Fundi anakuuzia kufuli, ufunguo anabaki nao, ukikwama unamwita kwa bei anayotaka. Nikamngoja aandike lake. Yeye akanyanyuka, akanionyesha ndoo nikae, akageukia ukutani.

"Andika mwenyewe. Usinitajie. Na usiweke jina la mkeo, hilo ndilo watu hujaribu kwanza."

"Wewe kwa nini usilijue?"

"Nikilijua, siku mtu akichezea humu, wa kwanza kukabwa ni mimi. Shingo yenyewe fupi hii."

Sijawahi kuona muuzaji akiitupa mwenyewe kamba nzuri hivyo ya kumfungia mteja. Nilimpenda tangu hapo, ila sikumwonyesha, maana ukimwonyesha fundi mapenzi anapandisha bei.

Haukupita muda, mchana kweupe, kompresa ikanyamaza na mtaa ukazimika. Nikamwita Mama Taratibu. Mtu wa shirika naye alifika, ngazi ya kunikatia umeme ikiwa tayari juu ya gari, akatusomea saa ambayo kituo chao cha umeme wa mtaa kilizimika. Mama Taratibu akasoma rilei zangu, akanivuta pembeni.

"Kompresa yako ndiyo ya kwanza, tajiri. Ikafuata swichi kuu, halafu kituo chao. Tofauti ni ndogo kuliko kufumba na kufumbua jicho, lakini wote sasa, hata kituo chao, wanachukua saa kwenye setilaiti, hakuna wa kumsingizia mwenzake. Kebo yako imekunywa maji."

Shemeji akaninong'oneza, "Neno si unalo wewe? Irudishe saa nyuma kidogo."

Mama Taratibu alimsikia. "Neno ni lake, afanye atakalo," akasema. "Ila nikiulizwa, nitasema nilichosoma."

Nikapiga hesabu. Uongo nao unataka matengenezo, na kebo mbovu ingerudi kunilia kompresa yenyewe. Nikampelekea mtu wa shirika kumbukumbu zote, na kabla hajamaliza kusoma nikaanza kupatana naye: kompresa kubwa naizima mpaka nibadilishe kebo, ile ndogo uniachie.

Alikuna kidevu. "Mzee, kiwanda kuniletea kosa lake kwenye sinia, hii ni mpya kwangu." Akapanda gari, ngazi haikushuka.

Basi umeme nilibaki nao. Nilipoteza madai yangu ya fidia ya barafu iliyoyeyuka, na shemeji akapoteza wimbo wake wa "ni wao hao". Lakini hasara kubwa niliipata palepale nisijue: yule mtu wa shirika aliondoka na namba ya simu ya Mama Taratibu. Siku hizi saa na maneno ya siri ya vituo vyao vyote ni kazi yake. Amepata ajira na gari la kazini, na mimi nikimpigia ananiambia, "Tajiri, niko kituoni, panga foleni."

Napanga. Bei nimejaribu kuipunguza mara moja tu. Alicheka mpaka akampa binti yake simu.