Kitsao na Taa ya Oili

Nikisikia watu wakitaja fundi, mimi humkumbuka Kitsao, Mgiriama aliyetengeneza magari kando ya ukuta wa nyumba yetu, mtaa wa Kuze, Mombasa, mwaka wa sitini na sita. Mume wangu Kamaludin alimpa mahali pale bure, naye akawa anamtunzia teksi yake. Kila spana aliipangusa kwa kitambaa kabla ya kuirudisha guniani, na gari likiwaka aliliinamia akalitegea sikio kama tabibu.

Siku hiyo swichi ya oili ilikuwa imekufa. Ni kidude kama kidole gumba, hukaa ubavuni mwa injini. Oili ikikosa nguvu, huwasha taa nyekundu mbele ya dereva. Ya kampuni haikupatikana, Kitsao akanunua ya kuigiza, kichwa chake wazi, haina kifuniko cha mpira. Akaifunga, akawasha gari, taa ikazimika. Akaenda kula.

Kamaludin akatoka na abiria kwenda Feri, kivukoni. Kabla ya alasiri nikaona teksi yarudi ikivutwa kwa kamba. Taa ilikuwa imewaka njiani. Akaogopa, akazima injini katikati ya foleni, abiria wakashuka wakimtukana.

Badawi, rafiki yake, alikuwa barazani na wenzake wawili. "Maulidi yamekwisha, Kamaludin. Taa yako yawakia nini?"

Wakacheka. Kamaludin hakucheka. "Kitsao, umenifungia takataka ukaniambia ni swichi. Kusanya spana zako. Hapa si mahali pako tena."

"Naomba nitazame kwanza, bwana."

"Tazama, kisha uende."

Wakaenda msikitini. Mimi nilikuwa dirishani. Kitsao alifungua boneti, akainama, akakaa vile muda mrefu. Kisha akaniita. "Bi Mwanakuu, njoo uone."

Nikajitanda buibui, nikatoka. Akanionyesha kwa ujiti. Ilikuwa hirizi yangu.

Mimi, kwa mkono wangu, niliitia pale alipokwenda kula. Kile kidude sikukiamini, sikujua kimepita mikono ya nani, nami nilikuwa na mume wa kurudi salama. Nikauzungusha mkufu wake wa fedha kwenye waya, pale pale penye ugonjwa, nikafunga boneti nikiwa nimeridhika.

"Fedha hupitisha umeme," Kitsao akasema. "Gari lilipotikisika mkufu uliteleza, umegusa kichwa cha swichi, umegusa na chuma cha injini. Taa yadhani hakuna oili. Injini ni nzima."

"Basi itoe."

"Ndani mna aya, mama. Mimi si Mwislamu, na mikono yangu ni hii. Itoe mwenyewe."

Sikujua nimtazame vipi. Mtu ameshafukuzwa, naye bado akumbuka kuliheshimu neno la dini isiyo yake. Nikaifungua. Akawasha gari. Taa ikazimika.

"Ingia ndani," akaniambia. "Nitasema waya ulilegea."

"Atakufukuza."

"Kuta Mombasa ni nyingi. Mume unaye mmoja, usimwaibishe mbele ya watu."

Waliporudi nilikuwa nyuma ya mlango, hirizi mkononi, imejaa oili. Nikamsikia Kitsao: "Waya ulilegea, bwana. Kosa langu."

"Basi, umekiri mwenyewe," Kamaludin akasema. Nikasikia spana zikitiwa guniani, moja moja, na bado akizipangusa.

Sikuwa mwanamke wa kusema barazani penye wanaume. Kwetu hatukulelewa hivyo. Lakini miguu ilinitoa nje, nikaikunjua mikono mbele yao. "Hakuna waya uliolegea. Ni hii, niliifunga mimi. Kitsao anisitiri tu."

Kamaludin aliitazama hirizi, akanitazama, kama hajawahi kuniona. Badawi akainuka polepole, akatafuta viatu vyake kwa mguu.

"Kaa, Badawi," Kamaludin akasema. "Kaeni nyote. Mlikuwapo nikimtukana."

Akashuka barazani, akaushika mkono wa Kitsao, ule wa oili, kwa mikono yake miwili. "Niwie radhi, Kitsao. Nimekudhulumu."

Kitsao alitazama chini. "Nimekuwia radhi, bwana."

Kisha akalifungua gunia, akaanza kuzitoa spana.