Korosho Chache za Hemedy

Hapa Mbuchi, Hemedy mchonga mitumbwi ndiye mtu pekee niliyemwona akistarehe na uchache. Sisemi kwamba ana moyo wa kuridhika. Moyo huo hana, na ile kofia yake ya kichamungu isikudanganye. Nasema uchache anaujua. Mpe korosho tatu mbele ya mwenye lundo, naye atang'ang'ania pale kama kupe mpaka mwenye lundo aanze kutokwa jasho.

Mimi ni Mohamedi, fundi cherehani, na mchezo wenyewe huchezwa barazani kwangu. Tunauita poka. Aliyeuleta ni Shaabani, mnunuzi wa kamba wa baharini, ambaye anasema alifundishwa na mabaharia Dar es Salaam, nasi tumechoka kumbishia. Unapewa karata mbili unazificha, nyingine tano zinafunguliwa mkekani polepole, na kila zinapofunguka unaongeza dau au unatupa karata zako. Hatuchezei hela, shehe ameshatuonya, na mimi sitaki baraza yangu itajwe kwenye hotuba ya Ijumaa. Dau letu ni korosho ghafi, na maganda yake, na mchezo ukiisha zinarudi guniani. Tunacheza alasiri moja tu ya Ramadhani, kuisukuma saumu.

Mshindi habebi kitu kwenda nacho nyumbani. Anapata kiti. Ni kiti cha dereva wa basi, nilichokinunua Kibiti basi lenyewe lilipogeuka chuma chakavu. Kina godoro, kina pa kuegemea, na hakuna kiti kingine kijijini kinachoupokea mgongo wa binadamu kwa heshima namna ile. Mshindi hukikalia kila afikapo barazani hadi Ramadhani nyingine. Sisi wengine tuna mkeka.

Miaka mitatu mfululizo kiti kilikuwa cha Shaabani. Hemedy alikuwa mkekani, na mkeka ulikuwa unamuua. Kazi ya kuinama ndani ya gogo na tezo mkononi imemharibu mgongo. Akishakaa chini, hainuki mpaka ashikwe mkono. Alikitaka kile kiti, na hakuona haya kusema.

"Shemeji," alimwambia Shaabani mwaka jana, maana amemwoa Hadija, mdogo wake Shaabani, "nipishe basi hata siku za Ijumaa."

"Shinda, ukae," Shaabani akamjibu, akajinyoosha vizuri.

Taabu ya Hemedy ni kwamba alikuwa hashindi, ila hafi. Kwenye poka yetu kila mzunguko unaweka korosho moja hata kabla hujaona karata, kwa hiyo mwenye chache huyeyuka taratibu. Hemedy hutupa karata, akatupa, akatupa tena, sisi tunapiga miayo, kisha akipata karata ya maana husukuma kila alichonacho na kusema, "Zote."

"Mwenye korosho chache ana neno moja tu la kusema," aliniambia siku moja. "Usilitoe ovyo, Fundi."

Na ndivyo anavyolima. Mwaka wa mafuriko maji yalipobeba miche ya mpunga, tulikimbilia kupanda upya bonde likiwa halijatulia, tukapoteza mbegu mara ya pili. Yeye alizikalia mbegu zake za kibaba kimoja. Tukamcheka. Maji yalipokauka sawasawa akazimwaga zote, na wali wa Idi mwaka ule tulikwenda kuula kwake. Alitukaribisha kwa adabu nyingi mno, mpaka nikakasirika.

Kanuni moja zaidi, na niliiweka mimi mwenyewe: adhana ya magharibi ikilia mchezo umekwisha, kila mtu anaacha korosho zake mbele yake, tunafuturu, tunaswali, ndipo tunahesabu. Mwaka wa kwanza tulihesabu na njaa zetu, nusura tupigane.

Basi mwaka huu Hemedy akajitolea kuleta dau.

"Ghafi zote zimekwenda mnadani," akasema, akatua sinia. "Nimeleta hizi."

Zilikuwa zimebanguliwa na kukaangwa kwa chumvi. Ganda hata moja halikuwapo. Harufu ikajaa baraza nzima. Mwalimu Leodgar, ambaye ni Mkristo kutoka Mbinga lakini kwa heshima yake hali mbele yetu mchana, alilitazama lile sinia akameza mate.

"Hemedy, huu ni mtihani."

"Saumu ndiyo mtihani wenyewe, Mwalimu."

Hapo nilipaswa kushtuka. Badala yake nilimshukuru kwa ukarimu, nikagawa karata.

Wa kwanza kutoka nilikuwa mimi, kama kawaida, na jambo hilo sitaki lijadiliwe. Mwalimu akafuata, yeye hupiga hesabu kichwani mpaka macho yanamtoka, kisha Shaabani anamsomba. Jua lilipoanza kuinama, Shaabani alikuwa kitini na lundo mbele yake, na Hemedy alikuwa na korosho tatu.

"Zote," akasema Hemedy.

Shaabani akamfuata kwa dharau, naye akaweka tatu. Hemedy akafunua ree mbili, karata kubwa kuliko zote. Mzunguko uliofuata akasema tena, "Zote." Shaabani akafikiri sana, akatupa karata zake. Hemedy akamwonyesha alichokuwa nacho: mbili na saba, takataka tupu.

"Mshenzi wewe!" Shaabani akacheka, lakini shingo ilikuwa imemvimba.

Baada ya hapo Hemedy akaanza ucheleweshaji ambao sijapata kuuona. Mara karata zihesabiwe upya, huenda moja imepotea. Mara anyooshe mgongo. Mara aulize zamu ya nani, na tulikuwa wachezaji wawili tu. Mimi mgawaji nilikuwa natamani kumchoma sindano. Adhana ikamkuta na korosho saba.

Futari siku hiyo ilikuwa inatoka kwa Hadija, na Hadija siku zote hufika kabla ya mwadhini. Tukatazama njia. Njia ilikuwa nyeupe. Kulikuwa na jagi la maji, basi. Hemedy akatia mkono mfuko wa shati, akatoa tende, akapiga bismillahi, akaila.

"Ni moja tu?" Shaabani akauliza.

"Ilikuwa moja."

Shaabani akanywa maji. Akatazama njia tena, akatazama lundo lake. Akachukua korosho moja. "Moja haiharibu kitu," akasema. Ya pili hakusema neno. Kisha akachota konzi. Na Shaabani si bahili, haki yake simnyimi. "Mwalimu, karibu! Fundi, karibu! Kumfuturisha mtu kuna thawabu." Tukakaribia. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita naye akaitwa, akala kama aliyeagizwa. Mimi nilikula vizuri sana, sifichi.

"Nawe kula, shemeji."

"Tende imenitosha," akasema Hemedy, mikono mapajani.

Ndipo Hadija akatokea, sinia kichwani, anatembea kama anakwenda harusini.

"Hadija, umetuua!" akasema kaka yake.

"Nisamehe kaka, kuni mbichi."

Hakumtazama mumewe, na mumewe hakumtazama. Nimekaa katika ndoa muda wa kutosha kuelewa watu wawili wanapokwepana macho hivyo.

Tukala uji na mihogo, tukaswali, tukarudi kuhesabu. Hemedy, saba. Shaabani, tano. Akazihesabu tena, akainua mkeka, akapapasa chini ya kiti.

"Haiwezekani! Mie nilikuwa na lundo!"

"Ulikuwa nalo," akasema Hemedy.

"Nimewafuturisha nyie!"

"Na thawabu umepata, shemeji. Unataka na kiti?"

Wote wakanigeukia mimi, mwenye baraza. Nilikuwa na hasira kwelikweli, maana nilitumiwa kama chombo, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikamgeukia Hadija.

"Kuni mbichi?"

"Fundi," akasema, "nyie mnacheza alasiri tu. Mie ndiye namkanda mgongo kila usiku, nasikia anavyolia."

Nikakigeukia kiti.

"Inuka, Shaabani," nikasema.

Akainuka. Tukamshika Hemedy mkono, akajishusha kitini taratibu, na mgongo ulipogusa godoro alitoa pumzi ndefu tukaisikia sote. Mwalimu alikuwa ameandaa kicheko; akakimeza. Nami hasira ikaniisha pale pale, ingawa sikupenda iishe.

Shaabani akakaa mkekani. Akakunja miguu. Akainyoosha. Akaegemea ukuta, akauacha, akageukia upande wa pili.

"Huu mkeka mgumu namna hii?" akauliza. "Mbona hamkuniambia?"

"Tulikwambia kila mwaka, shemeji," akasema Hemedy, macho kayafumba. "Ulikuwa umekaa."