Boriti ya Mita Saba Isiyo na Nguzo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja hapa Kigali, niliunda boriti iliyopendeza kuliko zote nilizopata kuunda. Siku ya pili ikavunjika.

Nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania nilikokulia, na useremala wangu ulikuwa wa makabati. Mkuu wa karakana, mzee aliyekulia Burundi tuliyemwita Shefu, alinipa mbao za mita nne akataka boriti ya mita saba. Ninyi vijana mliozoea chuma, jueni kwamba mbao ndefu haziokotwi. Unapanga fupi tabaka juu ya tabaka, unapaka gundi, unazikaza kwa vibano mpaka ziwe kitu kimoja. Ncha mbili zinapokutana ndipo penye maungio. Mimi, kwa unadhifu wa kabati, nikayapanga maungio yote kwenye mstari mmoja, juu mpaka chini. Ilipendeza kama kanzu iliyopigwa pasi.

Gundi ilipokauka, Shefu aliilaza juu ya magogo mawili, akawasimamisha mafundi wawili katikati. Ikakatika pale pale penye mstari wangu, nao wakajikuta wameketi kwenye unga wa mbao. Karakana nzima ilicheka isipokuwa mimi.

“Mbao iko na akili kukushinda,” Shefu aliniambia. “Ukiweka maungio yote pahali pamoja, unaionyesha pa kuvunjikia. Pishanisha, mwana wangu. Buhoro buhoro, polepole.”

Nikajifunza kupishanisha. Nikajifunza pia kuipa boriti mgongo, yaani kuipinda juu kidogo wakati wa kuibana, ili ikibeba paa inyooke. Nilipopelekwa kujenga ukumbi Kimihurura, Injenya, yaani mhandisi wa pale, aliitazama migongo hiyo akasema nimemletea mbao mbovu. Nilimwomba asubiri mabati. Yalipokaa, alipima kwa uzi, akakuta zimenyooka, akaukunja uzi wake. Kwa mtu yule, kukunja uzi kulikuwa sifa.

Nilipostaafu nilitaka karakana yangu mwenyewe nyumbani Masaka, pembeni mwa Kigali, pana, isiyo na nguzo katikati, ili niweze kugeuza mbao bila kugonga kitu. Tatizo lilikuwa Mama Keza, mke wangu. Kisa cha boriti ya kwanza nilimsimulia mwenyewe tukiwa wachumba, nikitafuta kumchekesha. Mdomo uliponza kichwa.

“Ile iliangusha wanaume wazima wawili,” alisema. “Weka nguzo, Baba Keza. Bila nguzo mimi siingii humo.”

Iliniuma, sitaficha. Miaka yote hiyo nimeezeka majumba ya watu, na mtu wangu mwenyewe haniamini. Sikuweka nguzo. Niliunda boriti nne, kila ungio mbali na mwenzake, na Jumamosi moja baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, majirani wakanisaidia kuzipandisha. Mke wangu aliwapa chai wote, yangu akanipitishia dirishani. Akaendelea hivyo hivyo wiki nyingi, nami nikaizoea chai ya dirishani.

Kisha mvua za masika zikaja. Alasiri moja ilipiga kwa nguvu hata mabati yakanguruma. Nilikuwa napiga randa mlango wa jirani. Mama Keza akaingia na kigoda na ungo wa maharage, akapita mlangoni, akapita benchi langu, akaketi katikati kabisa, akaanza kuchambua.

“Hapa kuna mwanga mzuri,” alisema bila kuinua macho.

Nikageukia ukutani nikajifanya natafuta randa, nayo nilikuwa nimeishika mkononi.