Kofia ya Kutupa

Mzee aliyenifundisha kupenda hoki ya barafuni amefariki huko Buffalo, zikiwa zimebaki wiki mbili msimu mpya uanze. Ujumbe wake wa mwisho bado umo kwenye simu yangu, na sikuujibu. Ni ujumbe wa sauti, mfupi kuliko sala ya chakula: "Bon, Profesa, musimu inakuya. Buffalo itacheza kule Columbus. Mimi nitoke huku, weye utoke Louisville, tupatane katikati. Unakuya ao hapana?" Ninyi mnaosoma safu hii mara kwa mara mnajua ninavyoweza kufikiria jambo dogo hadi likachacha. Niliusikiliza ujumbe ule kwa wiki tano. Niliandika majibu, nikayafuta, nikaandika mengine marefu zaidi, nikayafuta na hayo. Kisha simu ikapigwa na binti yake, si yeye.

Tulifahamiana kwenye ghala moja la Lackawanna, jirani na Buffalo, nilipokuwa bado chuoni. Yeye alikuwa Mkongomani wa Kivu, dereva wa forklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, na baba wa watoto wakubwa. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, na nilikuwa nikipanga maboksi siku ambazo sikuwa na masomo. Sote tulikaa mtaa wa East Side, kwa hiyo asubuhi alinipitia na gari lake, redio ikirudia sauti ya mtangazaji wa mchezo wa hoki wa jana. Kiingereza chake kilimtosha kazini na dukani tu, hivyo siku moja nilimuuliza anaelewa nini katika kelele zile. "Donc, weye unasikilizaka maneno," akanijibu. "Mimi nasikiliza ule mutu anavyopumua. Akikata pumuzi, wako karibu na goli." Nilijaribu kusikiliza hivyo, na kweli, kabla hatujafika ghalani nilikuwa nimeshika dashibodi kwa mikono miwili. Jina la Profesa alinipa siku niliposimama mbele ya mashine ya kahawa hadi mapumziko yakaisha, kahawa sijachagua. Aliwaambia wenzetu, "Huyu, hata nyumba ikiwaka moto, atatafuta kwanza kitabu ya moto." Mimi nilicheka pamoja nao, halafu nikaiwaza kauli hiyo siku nzima.

Jumamosi moja mchana msimamizi wetu alitupa tiketi mbili za uwanjani. Mzee alikuja amevaa kama anakwenda ibadani: koti, viatu vilivyong'aa, na kofia ya kahawia aliyovaa siku ya harusi yake, kofia iliyovuka naye mipaka miwili. Mchezaji mmoja wa Buffalo alifunga goli lake la tatu, na kofia zikaanza kunyesha kwenye barafu kutoka kila upande. "Wanafanya nini?" akaniuliza. Nikaanza kumweleza kwamba ndiyo desturi ya mchezo huu, mtu akifunga mara tatu mashabiki humtupia kofia. Nilikuwa sijamaliza sentensi, kofia ya harusi ikawa tayari inapaa.

Mchezo ulipokwisha, watu walitoka, yeye akabaki ameketi.

"Papa, twende."

"Ngoja wagawe kofia."

Nilimwangalia nione kama anatania. Hakuwa anatania. Kambini alikoishi kabla ya kuja nchi hii, kwenye kanisa lake la turubai, viatu viliachwa mlangoni, na baada ya ibada kila mtu alichukua vyake bila ugomvi. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kwamba wenye uwanja wangezipanga kofia mahali, nasi tungepita tuchague zetu. Tulikaa hadi mfagiaji mmoja akatuambia kwamba hazirudi. Mimi niliona aibu kwa niaba yake, aibu ya kunitoa jasho penye barafu. Tulipofika garini akapapasa kichwa chake, akasema, "Mama ya watoto ataniua." Kisha akacheka hadi akashindwa kuwasha gari. "Lakini nilitupa na furaha, Profesa. Sasa nirudie niombe?" Tangu hapo, kila msimu ulipokaribia alinunua kofia ya sufu ya bei ndogo, akaitia mfukoni mwa koti. Aliiita kofia ya kutupa. Kila tulipokwenda uwanjani alikwenda nayo, na kila mara alirudi nayo, maana hakuna aliyefunga tena matatu mbele yake.

Nilipohitimu nilihamia Louisville, nikapanga chumba mtaa wa Highview, nikamwambia nimepata kazi ya ofisi. Haikuwa kweli. Nimesomea afya ya jamii, lakini hadi leo napanga maboksi ghalani, kama zamani. Ndiyo maana sikujibu. Kwenda Columbus kungekuwa kukaa naye muda wa saa tatu bega kwa bega, naye angeuliza habari za ofisi. Nilijiambia nitajibu nikipata kazi yenyewe. Nadhani wengi wetu tuliokuja nchi hii tuna ugonjwa huo. Tunangoja tuwe na habari njema ndipo tupige simu. Tunahesabu ukimya wetu kuwa adabu, kumbe upande wa pili kuna mtu anayetaka tu kutusikia tunavyopumua.

Nilikwenda kumzika. Njia ya kutoka Louisville kwenda Buffalo inapita Columbus, na nilipita bila kusimama, macho mbele, kama mtu anayeogopa kuitwa. Nyumbani kwa marehemu viti vilijaa hadi barazani, akina mama wakiimba nyimbo za kanisa. Mjane aliponiona hakungoja pole zangu.

"Ni weye Profesa? Alisemaka utajibu. 'Ule anawaza kwanza. Mwezi ya kumi atakuwa amemaliza.'"

Wazee waliokaa karibu walicheka, hapo hapo msibani. Mimi nikaanza kueleza mambo ya kazi, kwamba nilikuwa na shughuli nyingi za ofisi. Akaniwekea mkono begani.

"Mwana, acha. Mutoto wa dada yangu anatumika kazi na weye kule ghala ya Louisville. Papa alijua tangu mwaka jana."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Basi tutakuwa na habari ya kuongea.'"

Nimekuwa nikiigeuza sentensi hiyo kichwani tangu siku ile, na kwa mara ya kwanza sijaipata maana ya pili. Alijua, na bado aliniita. Kile nilichokificha kwa wiki tano ndicho alichokuwa akikisubiri tukizungumze, mpanga maboksi na dereva wa forklifti, kama kwenye gari lake zile asubuhi.

Kabla sijaondoka mjane alinipa kofia ya sufu ya buluu, bado ina kikaratasi cha dukani. Mzee alikuwa ameshanunua ya msimu huu. Siku Buffalo watakapocheza Columbus nitakuwepo, nimeshaomba ruhusa ghalani, na kofia itakuwa mfukoni. Aliwahi kuniambia kuhusu kile kisahani cheusi wanachokipiga kwa fimbo: "Kale hakangojake mutu. Ukiwaza, kamepita." Kuna mtu amekutumia ujumbe na hujamjibu kwa sababu hujawa yule unayetaka akuone. Mjibu leo, kama ulivyo. Mimi jibu langu lilikuwa neno moja, nalo ni "Nakuja," na aliyestahili kulisikia hayupo.