Blanketi Juu ya Safu ya Mwisho

Kwenye kituo cha utafiti wa mbegu walimwita Mkunga, kwa jinsi alivyoipokea miche michanga kana kwamba ingelia. Aliulea mmea mfupi wa mbegu za mafuta, yale yanayokamuliwa kuendesha injini, akiwasaidia watafiti kupata aina itakayostahimili ukame na baridi ya nyanda za juu. Safu ya mwisho shambani ilikuwa ya mumewe. Marehemu aliichavusha kwa mkono, kizazi baada ya kizazi, akafariki kabla haijapigwa na sakitu, baridi ile inayogandisha umande. Ikifa yote, mbegu yake ingeondolewa kwenye majaribio, na jasho lake lingekwenda na maji.

Jioni moja anga ilitakata, upepo ukatulia, dalili kwamba usiku sakitu ingeanguka.

"Mkunga, wanao wanalala nje leo," mtafiti mmoja alimtania akifunga ghala.

"Walale. Nimewalea, sikuwadekeza."

Lakini alipopita shambani alimkuta mama mkwe wake amepiga magoti, anaitandazia safu ya mwisho blanketi la kijivu. Mkunga alilijua. Mumewe aliugua akiwa amejifunika hilohilo.

"Mama, hapana. Inatakiwa ipigwe na baridi."

"Nani kasema?"

"Mwanao."

Mama mkwe alishusha pumzi. "Mkaidi tangu tumboni. Hata kofia alikuwa hataki."

"Mkulima atakayeipanda hatakuwa na blanketi la shamba zima, mama."

"Na ikifa?"

Mkunga angeweza kuliacha blanketi pale, ageuze kisogo aende zake, nani angejua? Akashika ncha moja ya blanketi, akangoja. Mama mkwe akashika ya pili. Wakalikunja pamoja kama watu wanaoanua nguo, kisha Mkunga akamfunika nalo mabegani.

Asubuhi shamba lilikuwa jeupe. Jua lilipopanda, barafu ikayeyuka, majani yakalegea yakawa meusi. Mkunga alipita akiing'oa miche iliyokufa, kama kazi ilivyotaka. Mama mkwe alimfuata nyuma, blanketi bado mabegani. Karibu na mwisho wa safu ya mumewe, Mkunga akachuchumaa. Miche michache ilikuwa imejibana chini, majani yamelalia udongo, moyo wa kila mmoja bado kijani.

"Na hii unaing'oa?"

"Hii haing'olewi, mama."

Mama mkwe aliinama, akaigusa kwa kidole kimoja. Halafu akajivutia blanketi vizuri.

"Basi twende nikapate chai. Kumbe aliyehitaji kufunikwa ni mimi."