Chupa za Mkojo Ukutani

Nilipoajiriwa maabara ya zahanati ya shamba la chai, upande wa Chepseon, miaka michache baada ya Uhuru, mama yangu alikuwa bado anachuma majani. Pembe za mdomo wake zilikuwa zimepasuka, hata kucheka alicheka ameushika kwa vidole usije ukatoka damu. Wanawake wengi wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, walikuwa hivyo. Walichuma chai kutwa, na nyumbani wakainywa ya rangi.

Daktari alishuku wamepungukiwa na vitamini moja iliyomo kwenye maziwa. Mkojo wao ukithibitisha, atamwandikia meneja barua, kila mchumaji apewe maziwa. Kazi ya kupima ikawa yangu. Nilitia mkojo kidogo katika kichupa chenye vijidudu ambavyo bila vitamini hiyo haviongezeki. Vikiipata vinazaana mpaka maji yanaingia ukungu. Kisha nawasha taa, na mshale wa mashine unaonyesha ukungu umetawanya mwanga kiasi gani. Nilijiona profesa, sikudanganyi.

Siku ya matokeo, vichupa vya wanawake vilibaki maji matupu. Sifuri, sifuri, na cha mama sifuri. Walioonyesha ukungu ni walevi wawili wa kiwandani waliopimwa pamoja nao. Daktari akacheka kwamba labda pombe ni dawa, akaanza kuandika barua.

Mimi sikucheka. Hata anayeshindia ugali na sukuma wiki lazima awe na chembe ya vitamini hiyo. Nikatoka nje, nikautazama ukuta wa zahanati, nikakumbuka siku ya kupima. Wanawake walikuwa wameleta mkojo katika chupa nyeupe za kuona ndani, zilizosuguliwa kwa jivu, wakazipanga juu ya ukuta tangu asubuhi, juani, daktari aone hawakuficha kitu. Hiyo ndiyo heshima yao. Walevi walileta za bia, za rangi ya kahawia.

Kesho yake nikagawa mkojo wangu mwenyewe, nusu ukutani, nusu kabatini. Wa kabatini ulileta ukungu mzito. Wa ukutani, sifuri. Jua lilikuwa limekula vitamini yote, ila lilishindwa kupenya chupa za kahawia.

Majibu hayo yalipotoka, jioni nilimweleza mama.

"Nyamaza," akasema. "Kama daktari amesema ni sifuri, wacha ikuwe sifuri. Maziwa ikuje kwanza."

Nilimkasirikia, na nikajikasirikia zaidi, kwa sababu nami nilitaka kunyamaza. Asubuhi nikamwambia daktari. Akaikunja ile barua, akaitia mfukoni, nami nikaona nimewanyang'anya mama zangu maziwa mdomoni.

"Tutapima upya," akasema. "Kwa chupa za bia."

Ungewaona akina mama wa kanisa wakibeba chupa za bia chini ya leso, wanatazama huku na huku! Mama alininunia wiki nzima.

Safari hii ukungu ulikuwepo, ila hafifu. Mshale ulijikokota kidogo tu ukasimama, mbali kabisa na ulipofika kwa mkojo wangu. Sasa ulikuwa upungufu wa kweli. Barua ikaenda, na baada ya majadiliano marefu, maziwa yakaja.

Wiki kadhaa baadaye nilimkuta mama mlangoni na kikombe chake cha maziwa.

"Ile chupa yangu ya pombe umeweka wapi?" akauliza. "Bibi ya pasta asiione."

"Ipo dirishani kwa daktari, mama. Nimeandika jina lako, kwa herufi kubwa."

Akacheka. Alicheka mdomo wazi, na mikono yote miwili ilikuwa imeshika kikombe.